Uma wa Fundi Piano

Machi 4, Jumatatu

Mvua ya kwanza imeanza saa nne asubuhi nikiwa nimelala chali chini ya piano ya ukumbi mkubwa. Baba alinifundisha kwamba kila piano iwe na daftari lake, na hali ya hewa iandikwe kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu mbao hunywa maji na nyuzi hufuata mbao. Basi: mvua, upepo kidogo, ukumbi unanuka rangi mpya. Wamemaliza kuukarabati na utafunguliwa Mei 25. Nina wiki kumi na mbili na huyu mnyama.

Nimerudi nyumbani na habari. Mama amealikwa kuimba siku ya ufunguzi, ule wimbo wake wa "Rudi, mlango sijaufunga". Ulipigwa ukumbini mle kila Jumamosi nilipokuwa mtoto, na mpaka leo ukipita redioni mwenye duka la jirani anaongeza sauti na kunitazama kana kwamba ni mimi niliyeuimba. Ile bendi iliyoupiga imebakiwa na watu wawili duniani: mama aliyeimba na baba aliyetunza piano. Mama ana miaka sabini na miwili. "Wamenikumbuka baada ya kuwazika wote," alisema, kisha akaenda kusimama mbele ya kioo.

Machi 5

Mvua. Mama anaimba jikoni. Mimi na baba tumekunywa chai baridi kwa sababu hakuna aliyethubutu kuingia kuchukua birika.

Machi 9, Jumamosi

Leo kaimba wimbo mzima kwa piano ya nyumbani, mimi nikimpigia. Kuna lile neno "rudi" la mwisho, linalopanda juu kuliko yote na kukaa huko. Mwimbaji mwingine angelikwepa. Mama alilipanda taratibu, akalishika, akaniangalia kwa jeuri. Baba masikio yake yamekwisha, hasikii ila ukimpigia kelele ubavuni. Anapotaka kusikia piano anaweka kiganja juu ya ubao wake. Leo aliweka kiganja, akafumba macho, na neno lilipokaribia akatabasamu kabla halijafika. Nikawaonea wivu, wazee hawa.

Machi 12

Mvua kubwa. Nimegombana.

Okestra ya vijana itakayompigia mama inaongozwa na dada mmoja mwembamba ambaye wote tunamwita Bi Fimbo, kwa kile kijiti chake cha kuongozea. Sidhani kama ana miaka thelathini. Alikuja ukumbini, akabonyeza vitufe vitatu vinne vya piano, akatoa simu yenye kipima sauti.

"Fundi, samahani. Piano hii iko chini."

"Chini wapi?"

"Yote. Imeshuka karibu nusu ya umbali wa kitufe kimoja hadi kingine. Filimbi za vijana wangu haziwezi kushuka hivyo."

Nilimwambia simu yake ndiyo mbovu. Nilimwambia piano hii nimeilinganisha kwa miaka ishirini, na kabla yangu baba yangu, na kwamba hakuna bendi kubwa ya mji mkuu huu ambayo haikuchukua sauti yake kwenye piano hii. Nikatoa uma wa baba, kile chuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga hulia noti moja tu, na ndiyo noti tunayoanzia kazi yote. Nikaugonga. Piano na uma vikakubaliana kama mtu na ndugu yake.

"Basi na uma uko chini," akasema kwa heshima zote. Heshima yake ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Machi 13

Nimeenda duka la ala za muziki, nikanunua uma mpya, nikaugonga pamoja na wa baba. Sauti mbili zinazolingana hutulia. Hizi zilitetemeka, wau-wau-wau, mpaka muuzaji akaja kuuliza kuna nini.

Nimeona haya. Miaka ishirini nimewashushia watu piano zao: shule, makanisa, hoteli, studio ya redio. Nilidhani labda uma uliwahi kuanguka. Nikauweka dirishani kwenye mwanga. Pale chini meno yanapoungana kuna mikwaruzo midogo iliyopangwa vizuri, ya tupa. Mtu akitaka kuushusha uma, pale ndipo hukwangua. Haya hayakutokea kwa bahati mbaya.

Machi 14

Nilisubiri mama aende sokoni. Nikauweka uma mbele ya baba juu ya meza na kidole changu juu ya mikwaruzo. Hakujitia hamnazo. Alisema tu, "Funga mlango."

Nilipokuwa na miaka mitatu mama alipasuliwa shingo kutoa uvimbe. Hilo nilijua, kovu lake nalifahamu. Nisilolijua ni kwamba sauti iliporudi, haikurudi yote. Lile "rudi" la juu likawa linampita unywele tu. Kiongozi wa bendi, ambaye walimwita Kapteni, akampa mwezi mmoja. Asipoifikia noti, wimbo unapewa msichana mwingine.

"Si wangeushusha tu wimbo?" nikapiga kelele sikioni mwake. "Wapige hatua moja chini, basi!"

"Mama yako alikataa. Alisema siku watakapoushusha wimbo kwa ajili yake, ndiyo siku atakayokaa nyumbani. Na ungemwona siku zile. Alikuwa hali, halali. Nilijua akiacha kuimba atakufa na mimi nitabaki na mtoto na piano."

Kwa hiyo baba aliishusha piano. Kila Jumatatu kidogo, kiasi ambacho sikio halishituki. Wapiga magitaa walifuata piano. Wapiga saksafoni walivuta midomo ya saksafoni zao nje kidogo na kulaumu mvua. Wiki ya nne mama aliifikia noti, na Kapteni akaagiza soda kwa bendi nzima. Ili asitokee mtu wa kubisha, baba akaukwangua uma wake, na kwa kuwa uma ulikuwa huo huo mmoja ulioazimwa na kila mtu, ukawa ndio ukweli. Kisha akaona aibu piano nyingine za mji zikilia tofauti na ile, akazishusha nazo. Na kwa kuwa mafundi walikuwa wawili na mwenzake alipenda kulala, kazi haikuchukua muda.

"Mji mzima?" niliuliza.

"Mji wenyewe haukuwa mkubwa hivi," akajitetea.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaona hacheki. Alinishika mkono, akasema, "Mwanangu, mama yako hajui. Anajua kwamba sauti yake ilirudi. Hicho ndicho kitu anachojivunia kuliko hata wewe. Usimnyang'anye."

Nikala kiapo. Sasa ninaye Bi Fimbo upande huu na kiapo upande ule.

Machi 18

Mkuu wa ukumbi ameamua: piano ipandishwe. Kwa kweli hana njia nyingine, na mimi pia sina. Vijana arobaini hawawezi kupinda filimbi zao kwa siri ya baba yangu.

Machi 20

Mvua. Nimeanza. Piano iliyozoea chini haipandishwi kwa siku moja, nyuzi zitakatika. Nasogeza kila kigingi cha uzi kwa spana, kidogo kidogo, kisha naiacha wiki nzima izoee.

Machi 27

Baba ananiuliza kila jioni kwa vidole: imepanda kiasi gani? Namwonyesha kwa vidole. Mama anadhani tunazungumza habari za mvua.

Aprili 3

Uzi umekatika na kunichapa kifundo cha mkono. Nimefurahi, eti piano inakataa. Ujinga wa mtu mzima.

Aprili 10

Mvua siku nane mfululizo. Mbao zimevimba na piano inapanda yenyewe nikiwa nyumbani nimelala. Hata mbingu ziko upande wa Bi Fimbo.

Aprili 20, Jumamosi

Mazoezi ya kwanza ya mama na okestra.

Alikuja na gauni lake la kijani na pochi, akawasalimia vijana mmoja mmoja kwa mkono. Waliinuka wote. Bi Fimbo alimwita "mama" na kumletea kiti chenye mto. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya piano kama mwizi aliyerudi kuangalia nyumba aliyoiba.

Beti mbili za kwanza zilikwenda. Nilimwona akikunja uso kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi na kuikuta imeinuliwa. Kisha likaja lile neno. Alilipanda, sauti ikapasuka, ikashuka. Akainua mkono: tena. Ikapasuka tena. Mara ya tatu haikupasuka, haikutoka kabisa. Vijana wakaangalia magoti yao.

"Mama, tunaweza kuushusha wimbo hatua moja," Bi Fimbo alisema. "Ni jambo la dakika tano, na hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua," mama akasema. Akashukuru, akachukua pochi.

Tulipofika mlangoni akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, "Waambie wamtafute mwingine. Jana nilikuwa naweza, leo nimezeeka. Sikujua kwamba huwa linakuja kwa siku moja."

Nilimpenda mno dakika ile, na nilimdanganya. Nilimwambia amechoka tu.

Aprili 21

Haimbi.

Aprili 22

Haimbi. Nimeingia jikoni kuchukua birika bila taabu yoyote, na nimeichukia chai ile.

Aprili 23

Mvua imepungua. Ameifunika piano ya nyumbani kwa kitambaa cha meza, na juu yake akaweka pasi.

Aprili 25, Alhamisi

Baba amesema. Sikumshauri.

Tulikuwa tumemaliza kula. Alinyanyuka, akaiondoa pasi, akaondoa kitambaa, akaniamuru nibonyeze noti ile ya wimbo. Kisha akamwambia mama, "Bibie, imba." Mama akasema hana hamu. Baba akamwambia, na sijawahi kumsikia akimwambia hivyo, "Nakuomba."

Aliimba akiwa amekaa, bila nguvu, na "rudi" likatoka zima, likakaa juu, safi. Mama mwenyewe akatoa macho.

"Umeona? Hujazeeka," baba akasema. "Ni piano. Ile ya ukumbini mwanao ameipandisha. Hii mimi niliishusha. Zote nilizishusha." Akatoa uma wake mfukoni, akauweka mkononi mwa mama, akamweleza yote kuanzia hospitali hadi tupa. Kwa kuwa hasikii, alisema kwa kelele, na nina hakika jirani naye sasa anajua.

Mama aliuliza jambo moja tu. "Tangu lini?" Baba akamsoma midomo.

"Tangu huyu ana miaka mitatu."

"Miaka arobaini na moja."

"Sikukupa sauti, bibie. Sauti ni yako. Nilichoshusha ni rafu tu, uifikie."

Mama akasimama, akampa mgongo. "Ulikaa miaka arobaini na moja unanitazama naimba, na wewe unajua," akasema. Hakupiga kelele, kwa hiyo baba hakumsikia, na mimi sikuweza kumrudilia baba maneno yale. Ameingia chumbani na uma ule.

Aprili 26

Wanaongea kupitia kwangu. "Mwambie Fundi chai iko tayari." Fundi ndiye baba, na yuko mbele yake, umbali wa mkono.

Aprili 28

Nilimwuliza anakasirikia nini hasa. Ungefanyiwa wewe, nikasema, si ungefurahi? Alikuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa.

"Unamkumbuka yule mwimbaji wa mji wa pili? Hapana, ulikuwa mdogo. Alialikwa ukumbini kwetu. Alikuwa na sauti kama nini! Kila alipoanza, akawa juu ya bendi. Bendi huku, yeye kule. Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na nilicheka kuliko wote. Nilisema, 'Masikini, hana sikio.' Alishuka jukwaani analia." Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Alikuwa sawa yule. Sisi ukumbi mzima ndio tuliokosea."

Kumbe hilo ndilo. Mimi nilidhani ni kiburi cha noti. Nimemwona upya mama yangu, nikajilaumu kwa kumchukulia rahisi.

Mei 1

Jua siku nzima. Piano ya ukumbini imetulia mahali pake papya. Ni kazi nzuri niliyoifanya, na inaniuma.

Mei 4, Jumamosi

Nimepata namba ya simu ya mwimbaji yule aliyechekwa. Mpwa wa yule mwimbaji anafundisha kwaya, na Bi Fimbo anamfahamu. Bi Fimbo alinitafutia bila kuuliza ni ya nini, na hapo nikaacha kumsema moyoni.

Mama alipiga moyo konde, akapiga simu. Nilikaa naye. Alijitambulisha, akamweleza kuhusu uma, akasema, "Nilikucheka, dada yangu. Nimepiga kukuomba radhi." Kule upande wa pili kikatoka kicheko kirefu cha bibi mwenye kifua kikavu. Simu ilikuwa wazi, nilimsikia vizuri.

"Miaka yote hii nilikuwa nawaambia watu piano yenu ni mbovu! Nani angenisikiliza? Mlikuwa mji mkuu!"

Wakacheka wote wawili, kisha wakalia kidogo, kisha wakaanza kuulizana hali ya magoti. Mwishoni mama akamwambia hataimba, piano iko juu, na wimbo hataki ushushwe. Yule bibi akasema, "Sasa piano ya nini? Kwani wewe ulizaliwa nayo?"

Mei 5

Mama amempelekea baba chai mwenyewe. Ameiweka kwa kishindo, lakini ameiweka.

Mei 8

Anaimba jikoni, taratibu. Amenifukuza nilipochungulia.

Mei 11

Amekwenda kumwona Bi Fimbo, wamejifungia. Nilipouliza wamekubaliana nini nikaambiwa nishughulike na nyuzi zangu. Uma wa baba hajanirudishia. Nafanya kazi kwa ule mpya, na mkono wangu bado unaushangaa.

Mei 18

Mawingu, mvua hakuna. Baba ameniuliza kama mama amemsamehe. Nilimwambia sijui. Akasema, "Amenipikia uji bila chumvi kwa siku tatu, leo ametia." Huo ndio ushahidi alio nao.

Mei 25, Jumamosi

Ukumbi ulijaa kufikia saa tisa. Nusu ya watu walikuwa na mvi na nguo zilizotolewa kabatini kwa ajili ya leo. Nilimkalisha baba safu ya kwanza, karibu na ngazi za jukwaa. Okestra ikapiga vizuri. Piano yangu ikalia juu, wazi, bila kosa, na nilijivunia kidogo, niseme ukweli.

Kisha mama akaitwa. Gauni la kijani, pochi mkononi. Watu walipiga makofi mpaka mkuu wa ukumbi akakata tamaa ya kuwanyamazisha. Bi Fimbo akaweka kijiti chake chini. Vijana wakaweka ala zao mapajani. Mpiga piano akafunga kifuniko. Hapo nikaelewa walichokubaliana.

Lakini mama hakuanza. Alifungua pochi, akatoa uma, akashuka ngazi za jukwaa moja moja huku ameshika reli. Alisimama mbele ya baba. Akaugonga uma kwenye goti lake, akauweka mguu wa ule uma nyuma ya sikio la baba, kwenye mfupa. Chuma kikigusa mfupa, hata kiziwi husikia. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha hilo, na ndivyo alivyofanya kazi miaka yake ya mwisho.

"Ndiyo hii, Fundi?" mama akamwuliza.

Baba hakuona midomo yake, macho yalikuwa yamejaa. Lakini noti aliisikia, akaitikia kwa kichwa.

Mama akaanza papo hapo, chini, bila kurudi jukwaani, mkono mmoja begani kwa baba. Sauti ni ya bibi wa miaka sabini na miwili, ina mchanga. Kwenye ubeti wa pili watu wa safu za nyuma wakaanza kumfuata. Hawakuhitaji kupewa noti. Wenye mvi wote wale walijifunza wimbo ule hapa, kwa piano ile ya zamani, na ukumbi mzima ukaimba pale pale baba alipouweka wimbo miaka arobaini na moja iliyopita. Nilimwona Bi Fimbo akitazama simu yake, akaizima, akairudisha mfukoni.

Lilipokaribia neno la mwisho watu wakanyamaza, wakamwachia mwenyewe. Baba alikuwa ameweka kiganja kwenye mbavu za mama, kama anavyofanya kwenye ubao wa piano. Akatabasamu kabla. Na mama akalifikia.

Mei 27, Jumatatu

Jua kali, upepo mkavu. Mama amenirudishia uma asubuhi, umefungwa kwenye leso yake.

"Huko mjini pandisha unavyotaka," amesema. "Hii ya nyumbani usiipandishe."

Nimeilinganisha leo kwa uma wa baba. Ilikuwa imepanda kidogo kwa mvua. Nimeishusha.